Mvua Haitoshi, Tujenge Kinu cha Nyuklia

Kuna kauli inayorudiwa siku hizi kila umeme unapozungumzwa, bungeni, redioni na hata hapa Tunduma kwenye maduka yanayotazamana na Nakonde ya Zambia: kwamba Tanzania imeshamaliza tatizo la umeme. Bwawa la Julius Nyerere limekamilika. Mashine zake tisa, kila moja megawati 235, zina uwezo wa megawati 2,115. Mitambo yote ya gridi ya Taifa imevuka megawati 4,000, na mahitaji yetu ya juu yanazunguka nusu ya hapo. Basi nini tena? Ukitaja nyuklia, mjadala unafungwa kabla haujafunguliwa. Utaambiwa hiyo ni bomu. Utaambiwa ni mambo ya Wafaransa na Warusi. Na utaambiwa, tena kwa utulivu na watu waliosoma, kwamba nishati safi ni maji, jua na upepo, na nyuklia haimo.

Naipinga kauli hiyo kuanzia mzizi. Tanzania inahitaji kinu cha nyuklia, inakihitaji kwa sababu ya usafi wake na kwa sababu ya uthabiti wake, na miaka ya kujiandaa ni hii ambayo tunajipongeza kwamba tuna umeme wa ziada.

Tuanze na bwawa lenyewe. Ni kazi kubwa, nami ni mmoja wa wanaolionea fahari. Lakini megawati 2,115 ni uwezo wa mashine. Umeme wenyewe unatokana na maji yaliyomo bwawani siku hiyo. Na maji hayo yanatoka wapi? Rufiji. Sasa tazama mabwawa mengine makubwa tunayoyategemea. Kidatu, megawati 204, liko kwenye Ruaha Mkuu, ambao ni tawi la Rufiji. Mtera, megawati 80, liko kwenye mto huohuo. Kihansi, megawati 180, maji yake yanaishia Kilombero, na Kilombero unaishia Rufiji. Ukijumlisha, karibu umeme wote wa maji wa nchi hii unatoka katika bonde moja. Pangani na Rusumo zina mchango wake, ila ni mdogo. Tumeongeza mashine, idadi ya mawingu tunayoyategemea iko palepale. Mkulima wa Mbozi hajazi shamba lote kahawa peke yake. Anaweka mahindi, maharage na migomba, kwa kuwa anajua bei ya kahawa ikianguka watoto watakula nini. Taifa halijawa na busara hiyo katika umeme.

Na bonde lenyewe halina afya ya kujivunia. Ruaha Mkuu unaanzia kwenye ardhioevu ya Usangu, kwa jirani zetu wa Mbarali. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakibaki kwenye madimbwi ya tope. Sehemu kubwa ya maji ya Bwawa la Nyerere hutoka Kilombero, hilo ni kweli, na linatupa nafuu. Lakini Kilombero nako kuna mashamba yanayopanuka, mifugo inayoingia na misitu inayorudi nyuma. Mwenye kusema umeme wa maji ni wa milele ajibu kwanza nani analinda vyanzo.

Tumeshaonja matokeo yake. Mwaka 2006 Mtera ilipokauka nchi iliingia kwenye mgawo mkali, na katika haraka ya kutafuta mitambo ya dharura ndipo ulipozaliwa mkataba wa kampuni ya Richmond. Kamati teule ya Bunge iliyouchunguza iliongozwa na Harrison Mwakyembe, wakati huo mbunge wa Kyela, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Watu wanaikumbuka Richmond kama habari ya siasa. Mimi naihesabu kama gharama ya ukame. Serikali isiyo na umeme wa uhakika hununua wowote unaopatikana, kwa bei yoyote, kutoka kwa yeyote. Mgawo ulirudi 2011. Ukarudi tena mwishoni mwa 2022, na tena 2023, wakati bwawa jipya likiwa bado halijaanza kuzalisha. Kisha Aprili 2024 mvua zikaja kupita kiasi na mafuriko yakazamisha mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Hali ya hewa ya nchi hii imeacha kufuata kalenda ya mababu, na gridi yetu imejengwa juu ya kalenda hiyo.

Anayeona natisha watu bure avuke mpaka, maana ni hatua chache tu. Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa nchini Zambia. Ziwa Kariba lilishuka hadi likawa halina maji ya kuzungusha mashine za kutosha. Nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake wa umeme ni wa maji ilijikuta watu wake wakipata umeme saa tatu kwa siku, na siku nyingine hawapati kabisa. Migodi ya shaba ikalazimika kununua umeme nje. Kwa vipimo vyote vya wanaharakati, Zambia ilikuwa mfano wa kuigwa: umeme wake ulikuwa safi na nafuu, usio na moshi. Kisha mvua ikakosekana msimu mmoja. Na madhara hayakuheshimu mpaka, kwa kuwa Sumbawanga, jirani zetu wa Rukwa, kwa miaka mingi wamekuwa wakipokea umeme kutoka Zambia hiyohiyo.

Jibu la serikali ni mradi wa kuunganisha gridi, njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Mbeya, Tunduma na Sumbawanga, ili Tanzania na Zambia ziuziane umeme. Mradi huo naunga mkono kwa moyo wote. Utaufanya mji wetu kuwa mahali ambapo soko la umeme la Afrika Mashariki linashikana na lile la Kusini mwa Afrika, kama ambavyo TAZARA, bomba la TAZAMA na barabara kuu viliufanya mji wa malori. Lakini tujiulize waya huo utabeba nini. Upande wa kusini kuna Zambia inayotegemea Kariba na Kafue. Upande wa kaskazini, kupitia Kenya, kuna Ethiopia inayotegemea mabwawa, na Uganda inayotegemea Nile. Kuunganisha mwenye kiu na mwenye kiu hakuleti maji. Ukame wa mwaka mmoja unaweza kumfika kila mmoja katika mtandao huo, na waya ukabaki unaning'inia bila cha kusafirisha.

Hapo ndipo huja jibu la pili, la watu wa mkoani kwetu hasa: tuna makaa ya mawe. Kabulo iko Ileje, Kiwira iko mlimani pale, na mgodi wa Kiwira uliojengwa kwa msaada wa Wachina katika miaka ya 1980 ulikuwa na mtambo wake wa megawati 6 uliopangwa kukuzwa hadi megawati 200. Ukubwa huo haukuja. Wapo wanaosema sasa ndio wakati wake. Nawaelewa, kwa kuwa ajira za Ileje si jambo dogo. Lakini tuyapime makaa hayo na nyuklia kwenye mzani mmoja, ule wa usafi.

Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilikokotoa mwaka 2014 hewa ukaa inayotoka katika maisha yote ya mtambo, tangu kuchimba madini, kumwaga zege, kuendesha, hadi kubomoa. Kwa kila kilowati-saa moja, thamani ya kati kwa makaa ya mawe ni gramu 820. Gesi asilia ni 490. Umeme wa jua wa mitambo mikubwa ni 48. Maji ni 24. Nyuklia ni 12, sawa kabisa na upepo wa baharini. Rudia kusoma takwimu hizo. Nyuklia inalingana na upepo, ni nusu ya maji, ni robo ya jua. Mtu akisema nyuklia si nishati safi, anakataa hesabu ya walewale wanasayansi anaowanukuu anapozungumzia mabadiliko ya tabianchi.

Na sisi wenyewe tumelilegeza neno safi mno. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Lengo ni jema, litaokoa miti na mapafu ya akina mama. Lakini humo tunahesabu gesi ya mitungi, ambayo ni mafuta ya kuagizwa, na shirika la madini la STAMICO linasambaza mkaa mbadala uliotengenezwa kwa makaa ya mawe ya Kiwira. Sina ugomvi na mama anayeununua mkaa huo. Moshi wake ni afadhali kuliko kuni mbichi. Ninachosema ni kwamba nchi iliyokubali kuyaita makaa ya mawe nishati safi haina msingi wa kuikataa nyuklia kwa hoja ya usafi.

Kuna hesabu nyingine ambayo mtu wa Tunduma ataielewa kuliko profesa yeyote, kwa kuwa ameishi na malori. Mtambo wa makaa wa megawati 1,000 hula takriban tani milioni 3 za makaa kwa mwaka. Weka tani 30 kwenye kila lori: ni safari laki moja, zaidi ya malori 270 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kinu cha nyuklia chenye uwezo huohuo hutumia kama tani 27 za fueli kwa mwaka mzima. Kwa uzito, hilo ni lori moja. Fueli hiyo unaweza kuinunua ya miaka kadhaa ukaihifadhi ndani ya uzio, na kinu hujazwa mara moja kila mwaka mmoja na nusu au miwili. Kilichotokea Dodoma, Kariba au kwenye bei ya dizeli Singapore hakikizimi wiki ile.

Sasa tuje kwenye hofu, maana ndiyo hoja halisi. Nyingine ni mavazi yake.

Chernobyl ilitokea Aprili 26, 1986. Wafanyakazi 2 walikufa usiku ule, na wengine 28 waliokufa katika miezi iliyofuata waliuawa na mionzi mikali. Baadaye ikaja saratani ya tezi ya shingo kwa maelfu ya watoto waliokunywa maziwa yenye iodini ya mionzi, na jopo la mashirika ya Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2005 kwamba vifo vya saratani miongoni mwa waliopata mionzi mingi zaidi vingeweza kufikia 4,000 katika maisha yao yote. Ni msiba mzito. Kinu kile kilikuwa cha muundo wa Kisovieti ambao haukuwa na kuba la zege la kuzuia mionzi isitoke, na waendeshaji walizima kwa makusudi mifumo ya usalama ili wafanye jaribio. Hakuna anayependekeza kujenga muundo huo Tanzania.

Fukushima, Machi 11, 2011, ilianzishwa na tetemeko na tsunami vilivyoua watu wapatao 18,000. Watu wengi duniani wanaamini hao waliuawa na nyuklia. Waliuawa na bahari. Kifo ambacho serikali ya Japani imekihusisha na mionzi ni kimoja, cha mfanyakazi aliyepata saratani ya mapafu. Zaidi ya watu 2,000 walikufa kutokana na uhamishaji wenyewe, wengi wakiwa wazee waliotolewa hospitalini na kwenye nyumba zao kwa pupa. Hilo ni somo kuhusu namna ya kuhamisha watu, na lazima tulijifunze.

Linganisha na Banqiao. Agosti 1975, bwawa hilo la mkoa wa Henan, China, lilipasuka baada ya kimbunga, na makadirio ya vifo yanaanzia makumi ya maelfu na kupita laki moja. Ni watu wangapi hapa wamewahi kulisikia jina hilo? Hakuna aliyesema baada yake kwamba mabwawa yafutwe duniani, na ilikuwa haki kutosema hivyo. Tulichagua kujenga mabwawa bora zaidi. Nyuklia tumeinyima haki hiyohiyo. Ukipima vifo kwa kila terawati-saa ya umeme, ajali na uchafuzi wa hewa vikijumuishwa, na Chernobyl na Fukushima zikiwemo ndani, makaa yanaua watu takriban 25, gesi karibu 3, maji 1.3, nyuklia 0.03. Jua ndilo peke yake lililo chini kidogo ya hapo.

Na si lazima twende Ulaya kutafuta ushahidi. Koeberg, umbali wa kama kilomita 30 kutoka katikati ya Cape Town, imekuwa ikizalisha umeme tangu 1984. Afrika Kusini ilipoingia gizani kwa mgawo wake wa miaka mingi, vilivyoanguka kwa wingi vilikuwa vituo vya makaa. Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na kufanya kazi, walitia saini mkataba wa Barakah 2009, wakamwaga zege la kwanza 2012, wakapata umeme wa kwanza 2020, na kinu cha nne kikaanza kazi ya kibiashara 2024. Sasa robo ya umeme wa nchi hiyo yenye mafuta na jua la jangwani inatoka kwenye vinu hivyo. Walikuwa na mafuta, walikuwa na jua, na bado wakaona hawatoshi bila nyuklia.

Tena mionzi si mgeni kwetu. Wafanyabiashara wa nafaka wa Tunduma wanaijua Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, kwa kuwa ina ofisi mpakani hapa na hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka. Mgonjwa wa saratani anayetoka Vwawa kwenda hospitali ya Ocean Road anatibiwa kwa mionzi. Unguja ilisafishwa mbung'o katika miaka ya 1990 kwa madume yaliyozalishwa Tanga, yakahasiwa kwa mionzi na kuachiwa kutoka angani, hadi mbung'o wa kisiwa wakatoweka. Na kuna Momba, hapa hapa mkoani kwetu. Heliamu inayotafutwa Itumbula, ile ambayo vyombo vya habari vya dunia viliitangaza mwaka 2016, imetokana na urani na thoriamu zilizomo kwenye miamba ya kale chini ya Bonde la Rukwa, zikioza polepole kwa mamilioni ya miaka. Watu wa Ivuna wameishi juu ya mionzi hiyo tangu wazee wa wazee wao. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba kinu cha Shidaowan nchini China, kilichoanza kazi ya kibiashara Desemba 2023, hupozwa kwa gesi hiyohiyo ya heliamu.

Taka, ndiyo. Fueli iliyotumika ni hatari kwa maelfu ya miaka na hakuna wa kulikanusha hilo. Lakini ni kidogo mno, ni mango, inajulikana iko wapi hadi kipande cha mwisho. Marekani yote, baada ya zaidi ya miaka 60, imejikusanyia kiasi ambacho kingeenea kwenye uwanja mmoja wa mpira kwa kina kisichofika mita 10. Finland imechimba hifadhi ya Onkalo kwenye mwamba, zaidi ya mita 400 chini ya ardhi. Na Afrika ina ushahidi wa zamani kuliko huo wote: Oklo, Gabon, ambako mwaka 1972 wataalamu wa Ufaransa waligundua kwamba urani iliyokuwa ardhini iliwahi kuwaka yenyewe kama kinu, karibu miaka bilioni 2 iliyopita, bila mhandisi wala uzio. Masalia mengi ya kinu kile cha asili hayakusafiri mbali na mahali yalipozaliwa. Moshi wa makaa ya mawe, wakati huohuo, unatupwa hewani, na majivu yake yenye chembe za urani na thoriamu yanarundikwa nje bila anayeyahesabu.

Sasa nifike kwenye pingamizi ninaloliheshimu, la fedha na ukubwa. Kinu kikubwa ni ghali. El Dabaa ya Misri, megawati 4,800, inagharimu dola bilioni 30, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Urusi. Na gridi yetu ni ndogo. Kanuni ya wahandisi ni kwamba mtambo mmoja usizidi karibu sehemu ya kumi ya gridi, kwa sababu ukizimika ghafla utaivuta gridi yote chini nao. Kwa mahitaji yetu ya sasa, kinu cha megawati 1,000 kingekuwa kosa. Anayekiuza leo anatuuzia deni.

Lakini vinu vimeanza kupungua ukubwa. Kile cha Shidaowan nilichokitaja kinatoa megawati 210, pungufu ya mashine moja ya Bwawa la Nyerere. Gridi iliyoweza kubeba mashine tisa za 235 inaweza kubeba kimoja cha 210. Vidogo hivi bado ni vipya, bei zake hazijatulia, na sishauri tuwe wa kwanza kununua. Nashauri tuwe tayari siku zitakapotulia, maana kutoka kwenye mkataba hadi kwenye taa ni miaka kumi au zaidi, na kabla ya mkataba kuna miaka ya sheria, ya kusomesha watu, ya kupima ardhi. Juni 2025 Benki ya Dunia iliondoa zuio lake la muda mrefu la kufadhili nyuklia. Kenya ina wakala wake maalumu wa nishati hiyo. Uganda imechagua Buyende iwe mahali pa kinu chake. Rwanda ilitia saini mkataba wa kinu cha majaribio na kampuni ya Dual Fluid mwaka 2023. Sisi tuna TAEC, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 2003, ambayo kazi yake kubwa ni kudhibiti. Mdhibiti hawezi kuwa mjenzi. Mradi unahitaji chombo chake cha kuuongoza, na hakuna anayekidai, kwa sababu tumeambiwa umeme umetosha.

Umetosha kwa nani? Matumizi ya umeme ya Mtanzania mmoja hayafiki hata sehemu ya kumi ya wastani wa dunia. Dira ya 2050 inataka uchumi wa dola trilioni moja. Uchumi huo unaendeshwa na viwanda vinavyowaka usiku na mchana. Hapa Songwe, mlima Ngualla una madini adimu yanayotafutwa na viwanda vya magari ya umeme duniani, na mpango wa awali wa waliopewa eneo hilo ulikuwa kuyasafirisha hadi Teesside, Uingereza, yakasafishwe huko. Tukitaka mchanga huo usiondoke kama mchanga, tunahitaji umeme ambao hauulizi kama mvua imenyesha Kilombero. Sola ya Kishapu ni jambo jema na nyingine kumi zijengwe, ila kiwanda cha kuyeyusha madini hakilali jua linapozama. Mto Songwe wa mpaka na Malawi umekuwa na mpango wa bwawa la megawati 180 kwa miaka mingi sasa. Likijengwa nitafurahi, nalo pia litasubiri mvua.

Kinachoniuma zaidi ni urani ya Mkuju. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kule Namtumbo mtambo wa majaribio wa kuchakata urani, mradi wa kampuni ya Mantra iliyo chini ya Rosatom ya Urusi. Ili uwezekane, mpaka wa Pori la Selous, urithi wa dunia, ulibadilishwa mwaka 2012. Tumekubali kutoa sehemu ya Selous. Tumekubali hatari kwa vyanzo vya maji vya mkoa wa Ruvuma, hatari ambayo inastahili kusimamiwa kwa ukali kuliko inavyosimamiwa machimbo mengine. Tumekubali sehemu chafu kuliko zote ya safari ya nyuklia, uchimbaji, kisha tunaikataa sehemu safi, umeme. Taa zitawaka kwingine. Urani ya Mkuju haiwezi kuingia kinuni kama ilivyochimbwa, ni lazima irutubishwe, na kiwanda hicho hatuna; lakini nchi yenye kinu chake huingia kwenye mazungumzo ya bei na fueli kama mteja mwenye mali mkononi. Kongo ilitoa urani ya Shinkolobwe iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima, na Kinshasa ikawa na kinu cha kwanza cha utafiti Afrika mwaka 1959. Wao walibakiwa na kinu kidogo cha chuo. Sisi tunaelekea kubakiwa na shimo.

Mwisho ni swali ambalo wengi huliuliza wakidhani litanikwamisha: kijengwe wapi? Hapa kwetu? Hapana. Songwe na Rukwa ziko kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la Desemba 13, 1910, la ukubwa wa karibu 7.4, lilipiga ukanda huu wa Rukwa na linahesabiwa kuwa kubwa kuliko yote Afrika Mashariki katika karne ya 20, na Desemba 2009 Karonga, ng'ambo tu ya Mto Songwe, ilitikiswa hadi watu wakafa na nyumba zikaanguka. Kinu cha kwanza kinapaswa kukaa kwenye mwamba tulivu karibu na maji mengi ya kupozea, pengine pwani ya kusini, kama Koeberg ilivyokaa kando ya Atlantiki, na umeme wake utufikie Tunduma kwa waya uleule wa kilovolti 400.

Ila kabla ya kuchagua pwani yoyote, kuna Uyombo. Kijiji hicho cha Kilifi kilichaguliwa na serikali ya Kenya kwa kinu chao, na mwaka 2024 wavuvi na wakazi waliandamana, polisi wakawapiga, na mwishowe mradi ukageuzwa kuelekea Siaya. Watu wa Uyombo hawakuwa wajinga wa fizikia. Waliona mipango ikifanywa juu ya bahari yao bila wao. Tanzania ikiamua, mkutano wa kwanza uitwe kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa ardhini, uendeshwe kwa Kiswahili, mbele ya watu watakaoishi na kinu hicho. Wakae hapo TAEC, TANESCO, wahandisi na wanaopinga, kila mmoja na takwimu zake mezani, na wakazi wawe na haki ya kusema hapana.